Orodha ya matengenezo ya gari kuukuu: lipi lianze, lipi lisubiri, lipi lipelekwe kwa fundi

Gari ninalolizungumzia ni Toyota IST ya mwaka 2004, yenye injini ya 2NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,298, ambalo hunitoa Igoma, hapa Mwanza, kila asubuhi kunipeleka mjini na kunirudisha jioni, siku sita kwa wiki. Mvua za masika zilipokatika nilikaa nalo siku nzima ya Jumapili, nikaandika kwenye daftari kila kasoro niliyoijua. Pedi za breki za mbele zilikuwa zinapiga mluzi, maji ya rejeta yalikuwa yanapungua bila kuonekana yanapomwagikia, na gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linatoa kishindo kila nilipopita kwenye mawe. Asubuhi injini ilikuwa inakosakosa, betri ilikuwa inazungusha stata kwa uvivu, oili ilikuwa imepita muda wake, na chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi. Taa moja ya breki haikuwaka, waipa zilikuwa zinaburuza, kioo cha dirisha la dereva kilikuwa kinapanda kwa shida, na mkono wa mlango wa nyuma ulikuwa umevunjika. Jumla yake ni mambo 11, na gari lilitakiwa kuwa barabarani Jumatatu saa 12 asubuhi.

Mwenye orodha kama hiyo hushawishika kuanza na kile kinachomkera, ambacho mara nyingi ni kile kinachopiga kelele au kinachoonwa na abiria. Ninakushauri uipange orodha kwa swali moja tu: kasoro hii ikizidi nikiwa njiani, nini kitatokea? Kinachoweza kuua mtu kitatangulia, kitafuatiwa na kinachoweza kuunguza injini, kisha kinachoweza kukulaza njiani, na mwisho kabisa yatakuja ya starehe. Kwa kipimo hicho, mkono wa mlango uliokuwa unanikera kwa miezi minne uliangukia nafasi ya 11, na taa ya breki ambayo sikuwa nimeipa uzito wowote ikapanda hadi ya pili.

Liko sharti jingine ambalo nimelijua kwa gharama. Usifungue kazi mbili kwa wakati mmoja. Niliwahi kubadilisha plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha petroli, na kufungua mipira ya maji Jumamosi hiyohiyo. Injini ilipoanza kutetemeka jioni, sikuweza kujua kama nimeikosea plagi au nimelegeza soketi ya kihisio wakati nikihangaika na mipira, na ilinibidi nirudie kila kitu. Maliza kazi moja, endesha gari siku mbili au tatu, kisha ufungue nyingine.

Mahali pa kufanyia kazi

Mwanza ni jiji la miamba na vilima, na nyumba nyingi za Bugarika, Mabatini au Igogo hazina uwanja wa tambarare. Ikiwa kwako ni mteremko, omba nafasi kwa jirani mwenye uwanja ulio sawa, kwa sababu hakuna kazi ya gurudumu inayostahili kufanywa kwenye mteremko. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, vuta breki ya mkono, na uweke kipande cha ubao mnene chini ya jeki ili isizame kwenye mchanga. Legeza nati za gurudumu likiwa bado limegusa ardhi, ndipo uinue.

Jeki huinua gari, lakini haifai kulishikilia. Ukishainua, weka stendi ya chuma chini ya sehemu ngumu ya bodi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha ushushe gari likae juu yake. Nimeona watu wakitumia tofali za saruji, na ninakusihi usifanye hivyo hata kwa dakika tano. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Kama huna stendi, fanya kazi zote zisizohitaji kuinua gari, na zile za chini ziache mpaka uzipate.

Breki

Pedi za breki za mbele ziko ndani ya uwezo wa mtu makini mwenye spana nzuri. Ondoa gurudumu, kisha utazame unene wa nyama ya pedi, yaani sehemu inayosugua, bila kuhesabu bati la nyuma. Kiwango cha mwisho kwa magari mengi ya Toyota ni milimita 1, lakini kwa gari linaloshuka vilima kila siku mimi hubadilisha zikifika milimita 3. Tazama pia pedi ya ndani, isiyoonekana kwa urahisi. Ikiwa imelika kuliko ya nje, pini za kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zimekauka na hazitelezi, na kubadilisha pedi peke yake hakutaponya ugonjwa.

Fungua bolti ya chini ya kalipa, aghalabu kwa spana namba 14, kisha uipindue kalipa kwenda juu. Ukilazimika kuitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa maji ya breki, maana mpira huo hupasuka kwa ndani mahali ambapo hutapaona. Kabla ya kuirudisha ndani pistoni, ile inayosukuma pedi,, fungua kifuniko cha kopo la maji ya breki na unyonye kiasi kidogo, kwa sababu maji yatapanda na kufurika, nayo hula rangi ya gari. Irudishe pistoni polepole kwa jiriwa ndogo ya seremala, ukitumia pedi ya zamani kama kinga.

Toa pini zote mbili, zifute kwa tambara, na uzipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira ya pini, na baada ya miezi michache kalipa itakwama tena. Tazama diski pia. Unene wake wa mwisho huwa umechapwa kwenye chuma chenyewe, na ikiwa imepungua kufikia hapo, pedi mpya zitakuwa fedha iliyotupwa. Fanya upande mmoja hadi mwisho kabla ya kufungua wa pili, ili upande ambao haujafunguliwa ukukumbushe kila kitu kilivyokaa.

Jambo la mwisho huwaponza wengi. Baada ya kufunga kila kitu, kanyaga pedali ya breki mara nyingi mpaka iwe ngumu kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa pistoni imerudi nyuma na mkanyago wa kwanza utazama hadi chini. Kaza nati za gurudumu kwa mpangilio wa nyota, kwa nguvu ya nyutoni-mita 103 kama una spana ya kipimo, na ujaribu breki uwanjani kwa mwendo wa mguu kabla ya kuingia barabarani. Ikiwa pedali inabaki laini, gari lisitoke.

Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata yakiwa ndani ya kopo. Maji mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki chini ya nyuzijoto 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na yakichemka katika mteremko mrefu pedali hubaki bila nguvu. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Kazi ya kutoa upepo uliobaki kwenye mabomba baada ya kuyabadilisha huhitaji watu wawili wanaoelewana; kama huna msaidizi unayemwamini, mpe fundi.

Rejeta na joto la injini

Hapa ndipo injini nyingi za mji huu zinapofia. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzijoto 96 badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko ambacho raba yake imekatika au springi yake imechoka huruhusu maji kutoka kidogo kidogo kama mvuke, na ndiyo sababu ya kwanza ninayoitazama maji yanapopungua bila tone kuonekana chini. Kibadilishe kwa kingine chenye namba ileile ya shinikizo iliyochapwa juu yake, na usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto.

Kifuniko kikiwa kizima, ikague mipira kwa kuibonyeza. Uliovimba karibu na klampu au uliopasuka vijistari hauna siku nyingi. Tafuta madoa meupe au mekundu yaliyokauka chini ya pampu ya maji na kwenye maungio ya rejeta. Kisha mulika mapezi ya rejeta kwa tochi. Sisi tunaoendesha kando ya ziwa tuna tatizo letu wenyewe: yale makundi ya visubi yanayopanda kutoka majini kama moshi hunaswa kwenye mapezi, vumbi la kiangazi hushika juu yake, na baada ya miaka kadhaa hewa haipiti tena. Isafishe kwa maji ya mpira yasiyo na nguvu nyingi, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu ukisukuma kutoka mbele unazidisha kuyashindilia.

Ninalisema kwa msisitizo hili la themostati, yaani mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari langu nililinunua likiwa halina themostati, maana fundi fulani aliitoa akidai kwamba nchi yetu ina joto na haihitajiki. Bila themostati injini hukawia kupata joto lake la kazi, kompyuta hudhani bado ni baridi na kuongeza mafuta, petroli huisha upesi na oili huchafuka. Themostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzijoto 80 na 84. Kabla ya kufunga mpya, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Maji yakianza kuchemka inapaswa kuwa imefunguka wazi, na yakipoa ijifunge kabisa.

Usijaze rejeta kwa maji ya kisima wala ya bomba. Madini yake huganda ndani kama ukoko wa chungu. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri, ukihakikisha kwamba hukuuziwa tindikali. Baada ya kujaza, iache injini iungurume kifuniko kikiwa wazi, tangu ikiwa baridi, mpaka mapovu yaishe na mpira wa juu upate joto, huku ukiongeza kinachopungua.

Oili na plagi

Injini hii huchukua lita 3.7 za oili pamoja na filta. Iwashe kwa dakika chache ili oili iwe vuguvugu, fungua nati ya chini kwa spana namba 14, iache imwagike yote, ufunge kwa washa mpya, upake oili kidogo kwenye raba ya filta na kuikaza kwa mkono. Mimi humwaga kila baada ya kilomita 5,000, na hutazama kijiti cha kupimia kila Jumapili, kwa kuwa injini za umri huu huweza kula oili bila kutoa moshi unaoonekana.

Oili chafu iweke kwenye dumu na uipeleke gereji inayoipokea. Ukiimwaga kwenye mtaro wa Mabatini, mvua ya kwanza itaiingiza Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, mahali tunapovuta maji ya kunywa na kuvua samaki tunaowala.

Plagi zitolewe injini ikiwa baridi. Puliza vumbi kwenye mashimo kwanza, andika namba kwenye kila koili, kile kifaa kinachokaa juu ya plagi na kuipa umeme, na uanze kuzifunga plagi mpya kwa vidole. Ikigoma, itoe uanze upya, maana uzi wa silinda ukishaharibika, hiyo ni kazi ya gereji. Kwangu kukosakosa kulikwisha hapo. Chujio la hewa lilinichukua dakika tatu.

Umeme na yaliyobaki

Usiwahi kununua betri kabla hujasafisha vichwa vyake. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, uoshe ukungu mweupe kwa maji yenye magadi bila kuyaacha yaingie ndani, usugue kwa msasa, na wakati wa kufunga uanze na chanya. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiwa inaunguruma mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo, tatizo liko kwenye alteneta, ile inayochaji betri, au mkanda wake. Globu ya taa ya breki na raba za waipa ni kazi za nusu saa, na zote mbili ziwe tayari kabla mvua za vuli hazijaanza Oktoba.

Kishindo cha gurudumu la kushoto nilikichunguza kwa kuinua gari na kulitikisa gurudumu. Likicheza juu na chini, ni beringi au boljointi, yaani kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu; likicheza kushoto na kulia, ni tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Langu halikucheza kokote, na kishindo kilitoka kwenye linki ya stablaiza, yaani fimbo fupi ya chuma kinachozuia gari lisilale upande kwenye kona, ambayo nilibadilisha mwenyewe kwa spana namba 14 na ufunguo wa L. Ingekuwa boljointi ya chini, ningelipeleka gari kwa fundi mwenye vifaa vya kuisukuma, kwa sababu ikichomoka njiani gurudumu hulala. Usukani, mabomba ya petroli na mifuko ya hewa navyo sivigusi.

Baada ya wiki saba zilibaki kioo cha dirisha na mkono wa mlango. Kioo kilihitaji kupuliziwa silikoni kwenye raba za pembeni. Mkono wa mlango bado, na abiria wa nyuma anafunguliwa kutoka ndani.