Hija ya Namugongo kutoka Moshi au Arusha: mambo ya kupanga mapema

Wengi wanaopanga kwenda Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda (Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani) karibu na Kampala, huikazia macho tarehe 3 Juni, siku Karoli Lwanga, mmoja wao, alipochomwa moto mwaka 1886. Kwa sherehe, hiyo ndiyo siku yenyewe. Kwa kusali mbele ya masalia, yaani mabaki ya miili ya watakatifu, hakuna siku ngumu kama hiyo: misa huadhimishwa nje, kando ya ziwa dogo, na umati unajaa hadi barabarani. Fika tarehe 1, au bakini hadi tarehe 4. Kikundi chenye wazee wengi kichague mwezi mwingine kabisa, maana basilika, kanisa lenyewe la hija, ipo mwaka mzima.

Kinachokwamisha watu zaidi ni kadi ya homa ya manjano. Uganda huitaka. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, kwani kabla ya hapo cheti hakijaanza kutambulika. Aliyekwisha kuchanjwa zamani asirudie. Tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kile kilichoandikwa miaka 10. Angalieni majina pia. Pasipoti inasema Goreti, kadi inasema Maria, na yeye mwenyewe jumuiya nzima inamwita Mama Aika: ofisa wa mpakani hatajua kuwa ni mtu mmoja. Viza Mtanzania haihitaji, si Kenya wala Uganda.

Njia ni Namanga, Nairobi, kisha Busia au Malaba. Ni zaidi ya kilomita 900 kutoka Arusha, kwa hiyo hesabuni usiku mmoja ndani ya basi. Kwenye mipaka hii madirisha ya nchi zote mbili yako jengo moja. Hapo ndipo mtu huharakia dirisha la kuingia na kulisahau la kutoka. Kabla ya kurudi kwenye basi, fungua pasipoti uhesabu: mihuri miwili kila mpaka. Kiongozi wa kikundi azikague zote, asitosheke na kuuliza tu.

Ukitokea Jinja, mji ulio njiani kabla ya Kampala, usiende hadi katikati ya Kampala halafu urudi. Shuka Kireka, panda daladala (wao huiita taksi) kupitia Kyaliwajjala. Siku ya sherehe magari huzuiwa mbali, hivyo viatu viwe vya kutembelea, na mwavuli au koti la mvua lisikosekane. Kama mtalala uwanjani, bebeni mkeka na shuka zito. Mifuko hupekuliwa, kisu cha kumenyea matunda kibaki nyumbani.

Ndani ya basilika, ambayo umbo lake ni la nyumba ya jadi ya Kiganda yenye nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki, fuata mpangilio huu: kwanza piga goti mbele ya Tabernakulo, inamowekwa Ekaristi, ndipo uende kwenye masalia. Kwa masalia unainama, hupigi goti. Mungu anaabudiwa, mtakatifu anaheshimiwa. Sali kimya, kwa kifupi, umpishe wa nyuma. Ukitaka rozari au kitambaa kiguse chombo cha masalia, mwombe mhudumu, usijinyooshe mwenyewe. Na mtu akikuuzia nje "kipande cha mfupa wa shahidi", achana naye: sheria ya Kanisa inakataza kabisa kuuza masalia.

Kitubio kifanyike parokiani kabla ya safari. Kule foleni ni ndefu, na Kiswahili si lugha ya kila padre. Maungamo ya siku chache kabla yanatosha kwa rehema kamili (kufutiwa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa), ambayo katika kanisa lenye cheo cha basilika ndogo kama hili unaweza kuipata mara moja kwa mwaka, siku uliyochagua: sali Baba Yetu na Nasadiki, pokea Komunyo, ombea nia za Baba Mtakatifu, na uwe umeachana na dhambi zote.

Maji ya ziwani wengi huchota kupeleka nyumbani. Beba chupa ya lita moja yenye kifuniko cha kukaza, na uifunge ndani ya mfuko wa plastiki mbali na pasipoti. Ni ya kunyunyiza. Kunywa hapana, ni maji ya bwawa.