Nyumba yako iko kando ya barabara? Tayarisha karatasi kabla mthamini hajabisha hodi

Tangu njia za mabasi ya mwendokasi hapa Dar es Salaam zianze kusogea Mbagala na Gongo la Mboto, swali linaloletwa kibarazani kwangu ni moja: "Nyumba zikivunjwa, watatulipa?" Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku Temeke, na kabla sijajibu huwa naomba nione karatasi.

Ukikuta ukuta umepigwa X, tazama rangi. Kwa barabara kuu na za mkoa, X nyekundu ina maana uko ndani ya mita 22.5 kutoka katikati ya barabara, na hapo hakuna fidia. X ya kijani ni zile mita 7.5 zilizoongezwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ili hifadhi, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ifike mita 30 kila upande. Huyo analipwa kwanza ndipo aondoke. Chukueni futikamba mpime wenyewe, majirani wakishuhudia. Ila ulizia kwanza hifadhi ya barabara yako, maana Morogoro Road kuanzia Ubungo hadi Kiluvya ni mita 121.5 kila upande, na ndizo zilizoondoka na nyumba za Kimara mwaka 2017.

Haya, karatasi. Mwenye hati anashukuru Mungu. Wengi wetu uswahilini tuna leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Toa kopi, uziweke nyumba mbili tofauti. Kinachoumiza familia nyingi ni jina la marehemu. Nyumba ya baba, baba keshafariki, watoto wapo saba, na hakuna aliyewahi kukanyaga mahakamani. Mthamini akija, kila mmoja anataka asimame yeye kwenye picha. Nawasihi: itisheni kikao cha ukoo mwezi huu, andikeni muhtasari, wote msaini, mteue msimamizi mmoja, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo mkafungue mirathi. Maombi hutangazwa kwanza ili mwenye pingamizi ajitokeze, kwa hiyo yanakula muda. Wakati huo ndio msioupata hundi ikishaandaliwa.

Siku ya uthamini usitoke nyumbani. Utapigwa picha umeshika kibao chenye namba. Inakili namba hiyo. Mfuate mthamini nyuma nyuma: choo cha uani, kisima, ukuta, msingi wa simtanki, mwembe, mnazi. Kisichoandikwa siku hiyo utakidai kwa jasho. Fomu yenye nafasi wazi usiisaini.

Fidia nayo si bei ya nyumba peke yake. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na faida ya miezi 36 kwa mwenye biashara. Hiyo ya mwisho inataka hesabu zilizokaguliwa. Jirani yangu muuza vitenge ana daftari zuri la mauzo, lakini daftari halitoshi. Mwenye fremu atafute mhasibu mapema. Nyumba isiyo na mtu haipewi posho ya makazi wala ya usafiri, kwa hiyo msihame kwa uvumi.

Wapangaji ndio wanaoninyima usingizi. Fidia inamtafuta mwenye mali, na mtaa ukijengwa upya, aliyelala chumba kimoja miaka yote husukumwa Chanika. Inawezekana kufanya vingine: kaya 644 za kota za zamani Magomeni zilijengewa maghorofa palepale, yakazinduliwa Machi 2022. Zilikuwa zinajulikana, zina idadi. Basi mpangaji, nenda kwa mtendaji uandikwe kwenye daftari la wakazi, dai mkataba wa maandishi, tunza risiti za kodi. Mkutano wa mradi ukiitwa, simama uulize: vyumba vingapi na fremu ngapi zimetengwa kwa tuliopo, na kwa kodi gani? Hakikisha swali na jibu vimeingia kwenye muhtasari, kisha uombe kopi yenye muhuri. Ukizungushwa, mfuate mjumbe wako mwende pamoja. Hiyo ni kazi yetu.