Mzazi yuko Mtwara, vali ya moyo inavuja, wewe uko nje: eko kwanza, hela baadaye

Juzi usiku ndugu mmoja wa Masasi, yuko Ujerumani mwaka wa sita sasa, kanipigia anahema kama yeye ndo mgonjwa. Mzee wake kaambiwa moyo unavuja, na kuna mtu kamwambia siku hizi hawapasui tena, wanapitisha kamrija pajani wanabana na klipu, kesho yake unatembea, sasa yeye anataka kujua atume shilingi ngapi. Nikamuuliza eko iko wapi. Akasema eko gani. Eko ni kile kipimo cha ultrasound cha moyo, kinaonyesha vali zikicheza.

Haya ninayoandika ni kwa sababu ya hiyo "eko gani", maana miaka mitatu nyuma mimi nilikuwa hivyohivyo. Mama yangu yuko Mikindani, alikuwa na miaka 71 wakati ule, alianza kwa kuchoka tu tukasema uzee, halafu akawa akienda shamba anasimama njiani mara tatu, halafu ikawa halali bila mito mitatu na miguu jioni inavimba ukibonyeza kidole shimo linabaki. Mdogo wangu akatuma voisi kwenye grupu la familia, wanasema vali inavuja, na kabla hatujajua vali ipi sisi watoto wa nje tukawa tushachanga. Tukampata dalali wa matibabu mtandaoni, akasema klipu inawezekana kabisa, leteni kianzio, tukapeleka. Yule mtu hakuwahi kuomba hata picha moja ya moyo wa mama. Kianzio tulirudishiwa nusu baada ya miezi mitano ya kugombana, nusu nyingine ndo ikawa ada yangu ya shule, wewe usiilipe.

Tuelewane kwanza kinachovuja ni nini. Moyo una vali nne, ila inayotajwa sana kwenye habari hizi za klipu ni ya mitrali, iko upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini, ina majani mawili yameshikwa na kamba nyembambaaa kama za mwavuli wa kurukia. Moyo ukikaza damu inatakiwa iende mwilini, sasa vali isipofunga sawasawa damu nyingine inarudi juu kuelekea mapafu, ndo maana mtu akilala chali anakosa pumzi. Hiyo siyo tundu la moyo, tundu ni jambo jingine kabisa, ila kule kwetu vyote vinaitwa moyo umetoboka, kwahiyo maelezo ya kwenye simu usiyategemee hata akikupa mtu msomi.

Na kuvuja kwenyewe kuna viwango. Kuvuja kidogo watu wengi wanaishi nako hadi wanazikwa kwa mambo mengine, hakuna cha klipu wala kisu, ni kupimwa tu mara kwa mara. Kinachotafutiwa fundi ni kule kuvuja sana, hasa mtu akiwa ana dalili au moyo umeanza kutanuka na kuchoka.

Halafu swali ambalo ningelipa hela mtu aniulize mapema: inavuja KWA NINI. Inawezekana jani limelegea au kamba imekatika, hiyo ni kuchakaa. Inawezekana vali yenyewe nzima ila moyo umetanuka kwa presha ya miaka mingi au shambulio la moyo, majani yamevutwa hayakutani. Na inawezekana ni rumatiki, yale makoo ya utotoni yaliyouma yakapona yenyewe, mwili ukashambulia vali, miaka ishirini baadaye majani yamekakamaa, vali inavuja na imebana hapohapo. Hii ya tatu ndo imejaa kwetu, hasa kwa vijana na kina dada wa umri wa kuzaa, na ndo ambayo klipu mara nyingi haifai, kwa sababu klipu inaupunguza mlango, sasa mlango wenyewe ukiwa umeshabana utambana mgonjwa zaidi. Hao wengi wanaishia kwenye upasuaji, au kama tatizo kubwa ni kubana basi puto la kupanua, na sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 isikatike.

Klipu yenyewe ilivyo: wazo lilitoka kwa daktari wa Italia anaitwa Ottavio Alfieri, mwaka 1991 alishona majani mawili katikati kwa nyuzi, vali ikabaki na vimlango viwili vidogo, ikaacha kuvuja. Wengine wakaja wakasema kwanini tusibane badala ya kushona. Sasa wanaingia na mrija kwenye vena ya kinena, wanapanda hadi chumba cha juu cha kulia, wanatoboa kwa makusudi ule ukuta wa kati kwenda kushoto, wanateremsha klipu inadaka majani yote mawili. Moyo hausimamishwi. Mara nyingi mtu anapigwa nusu kaputi maana kuna eko nyingine inapitishwa kooni muda wote ili waone wanachobana, na wengi wanatoka hospitali ndani ya siku chache. Ulaya imekubaliwa 2008, Marekani 2013 kwa wale wa vali iliyochakaa ambao kisu ni hatari mno kwao, na 2019 wakaongeza wale wa moyo uliotanuka.

Sikiliza hapa sasa. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa za hao wa moyo uliotanuka. Ya Marekani ilikuwa na wagonjwa 614, baada ya miaka miwili waliofariki upande wa dawa peke yake ni asilimia 46, upande wa klipu 29. Ya Ufaransa ilikuwa na wagonjwa 304, baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti yoyote ya maana. Klipu ileile! Wataalamu wengi wanaeleza kwamba wagonjwa hawakuchaguliwa sawa, wa Marekani walikuwa wanavuja zaidi kwa kulinganisha na moyo ulivyotanuka na dawa zao zilikuwa zimepangwa vizuri kwanza. Kwahiyo mtu akikwambia klipu ni nzuri muulize kwa nani.

Kuna na njia ya kati, wanapasua kidogo ubavuni kulia, kama sentimita 5 hadi 8 kati ya mbavu, hawakati mfupa wa kifua. Usidanganyike na udogo wa kovu, ndani moyo unasimamishwa na mashine inafanya kazi yake, ni oparesheni kamili, ila kupona kunawahi ukilinganisha na mfupa uliokatwa ambao unataka kama wiki 6 hadi 12. Mama ndo alikuja kuangukia hapa. Kamba ilikuwa imekatika, moyo bado una nguvu, bingwa akasema huyu bibi ana afya kuliko karatasi zake, tumtengenezee vali yake mwenyewe.

Neno kutengeneza lishike. Kama vali inatengenezeka pambana itengenezwe kabla ya kubadilishwa, na kwa mtu anayerudi kuishi Mtwara au Lindi hili ni mara mbili. Vali ya chuma inadai wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na wafarini inadai INR, kipimo cha damu cha kuangalia kuganda, kila baada ya muda, dozi ikizidi unavuja damu ikipungua damu inaganda kwenye vali. Fikiria mtu yuko ndani huko Newala au Liwale. Na kama mgonjwa ni dada anayetaka kuzaa, wafarini ina hatari kwa mtoto tumboni, hilo lizungumzwe kabla siyo baada.

Basi eko. Mpeleke mzazi akapimwe, anzia hospitali ya Ligula ukiwa Mtwara au Sokoine ukiwa Lindi wakupe rufaa, kuna Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili Dar, ndo wenye moyo kwa nchi nzima, huwa na wao wanakwenda mikoani kwa tiba mkoba. Piga simu kwanza ujue bingwa yupo siku gani usimsafirishe mtu bure. Na ukishapima omba FAILI ZA VIDEO, zile wanaita daikomu, kwenye CD au fleshi, siyo karatasi ya majibu tu na siyo mtu kurekodi skrini kwa simu akakutumia wasapu. Bingwa wa India au wa huko uliko anataka kuona majani yakicheza mwenyewe. Sisi faili ndo ilisafiri mwanzo, mama akabaki anakula ming'oko yake kwao, tukapata maoni ya madaktari watatu bila kununua hata tiketi, na wawili walikubaliana. Anza na JKCI hata kama una hela ya nje, maana upasuaji wa vali wanafanya na baadaye ndo watakaomfuatilia.

Wanaofikiria nitamleta huku: kama uko Uingereza elewa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao, siyo bure kwa mgeni, matibabu yaliyopangwa analipa asilimia 150 ya bei yao na analipa kabla, na viza ya matibabu inataka barua ya daktari pamoja na ushahidi wa hela. Bima nyingi za safari hazigusi ugonjwa uliokuwepo. India kuna viza ya mgonjwa na ya wasindikizaji, mwisho wawili, mmoja awe mtu wa kulala wodini siyo wa kupiga picha.

Safari ya Dar usiidharau. Ni kilomita kama 560, mama siku ya basi hakunywa Lasix, dawa ya kukojoa maji yaliyojaa, maana aliona aibu kusimamisha gari kila saa kuchimba dawa, tumefika Nangurukuru anahema hivi. Ukiweza ndege, ni kama saa moja. Ukishindwa, muulize daktari dozi ya siku hiyo ahamishie saa ngapi, usiache kabisa.

Meno yatibiwe kabla, jino bovu linapeleka wadudu kwenye vali. Na mjomba ashirikishwe kabla, kwetu huko neno la mjomba likiwa upande mwingine mgonjwa hapandi gari hata ukiwa umelipia kila kitu. Hela za ndugu waliopo nyumbani zinakuja baada ya minada ya korosho kuanzia Oktoba huko, kwahiyo mwezi Mei usimtukane mtu kwenye grupu kwamba hachangii.

Baada ya kurudi weka mtu mmoja anayeshika bahasha: ripoti ya oparesheni, majina ya dawa, tarehe za eko inayofuata. Wa wafarini mnunulie kile kimashine cha INR cha kutoboa kidole, vijiti vyake vya kupimia vina tarehe ya kuisha na havipendi joto, na mwambie kisamvu asiache ila ale kiasi kilekile maana kinapunguza nguvu ya dawa, siyo wiki hii sufuria wiki ijayo hamna. Na mnunulie mizani. Apime kila asubuhi kabla ya chai, ikipanda kilo mbili ndani ya siku tatu ni maji yanajaa, apigiwe daktari siku hiyohiyo. Mama aliikataa miezi miwili, anasema mizani anazijua tangu anauza korosho hakuna hata moja iliyowahi kumtendea haki. Siku hizi voisi yake inaingia saa kumi na mbili asubuhi za kwetu Mtwara, mimi bado nimelala: hamsini na nane, haina makato.