Kabla ya kuchemsha arjuna, soma kwanza karatasi ya majibu

Wengi wanaokuja kwangu huanza na swali moja: nitumie mti gani kwa ajili ya moyo? Kabla ya kutaja arjuna, mti wa India ambao gome lake huchemshwa, mimi huomba kwanza karatasi ya majibu ya maabara. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, tunashika mshipa na kutazama ulimi, na vinatueleza mengi, ila sijawahi kuona ulimi ukitaja kiwango cha lehemu (kolesteroli).

Hatua ya 1: Angalia kipimo kimeandikwaje

Lehemu huandikwa kwa mg/dL au mmol/L. 200 ya kwanza ni sawa na 5.2 ya pili. Ukitaka kugeuza mg/dL kuwa mmol/L, gawanya kwa 38.67; kwa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, gawanya kwa 88.57. Mtu mmoja alinijia akishangilia kwamba lehemu yake imeshuka kutoka 190 hadi 6. Kumbe alikuwa amebadilisha maabara tu. Hiyo 6 ni kama 232, yaani ilikuwa imepanda.

Hatua ya 2: Soma mafuta, LDL kwanza

LDL, ile lehemu mbaya, ndiyo inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa na kuiziba taratibu. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, chini ya 100 mg/dL ni pazuri. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo hutakiwa kushuka chini ya 70, na madaktari wengi humtaka ashuke zaidi ya hapo.

Uliza pia hiyo LDL ilipatikanaje. Mara nyingi haipimwi, inapigiwa hesabu kwa mg/dL: lehemu yote, toa HDL (lehemu nzuri), toa trigliseridi iliyogawanywa kwa 5. Kanuni hiyo ni ya mwaka 1972, na trigliseridi ikizidi 400 haiaminiki tena.

HDL huhesabiwa kuwa ndogo ikiwa chini ya 40 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Trigliseridi iwe chini ya 150. Ikivuka 500, kongosho nalo limo hatarini.

Hatua ya 3: CRP na troponini

CRP ni protini ya kwenye damu inayoonyesha uvimbe wa ndani (inflamesheni) mwilini. Ikizidi 10 mg/L, huenda ni mafua au jino bovu. Pona kwanza, kisha rudia kipimo. Troponini, protini ya msuli wa moyo, ni habari nyingine kabisa: hupanda kwenye damu msuli wa moyo unapoumia. Ukibanwa kifua, ukatoka jasho jembamba, ukakosa pumzi, kimbilia hospitali sasa hivi. Hapo sina mti wa kukupa.

Hatua ya 4: Sasa Ayurveda

Anza na mwenendo wa siku: chakula cha jioni chepesi na cha mapema, kutembea kila siku, usingizi wa saa zile zile, kuvuta pumzi polepole. Mafuta yakiwa mengi kwenye damu, sisi husema kapha, ile nguvu ya mwili iliyo nzito na yenye unyevu, imezidi, kwa hiyo punguza vitamu, vya kukaanga na samli. Ndiyo, hata samli tunayoisifu sana.

Gome la arjuna limetumika kwa moyo tangu zamani. Tafiti zake bado ni ndogo, kwa hiyo nalitoa kama nyongeza tu. Guggul, utomvu wa mti wa India, niliacha kuitoa kwa ajili ya lehemu: katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2003, LDL ya walioitumia ilipanda. Kitunguu saumu cha mchuzini hakina shida, lakini vidonge vyake pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kuleta kutokwa damu. Yashtimadhu, ule mzizi mtamu, hupandisha shinikizo la damu. Mwenye presha asiuguse. Na dawa zenye bhasma, yaani majivu ya madini, ziache. Risasi na zebaki zimewahi kukutwa ndani ya dawa za aina hiyo.

Hatua ya 5: Pima tena

Usiache statini (dawa ya hospitali ya kushusha lehemu) wala dawa ya presha kwa sababu umeanza mitishamba, na mwambie daktari wako kila unachokunywa. Rudi maabara ile ile baada ya wiki 8 hadi 12, upime mafuta pamoja na ini na figo. LDL ikiwa palepale, arjuna naiondoa, hata kama mwenyewe anasema anajisikia mwepesi.