Kabla ya Kutia Sahihi Fomu ya Ridhaa, Uliza Utapewa Ganzi Gani

Ukipangiwa upasuaji wa ngiri ya kinena, usisubiri kutia sahihi fomu ya ridhaa ukiwa tayari umelazwa kwenye machela mlangoni pa chumba cha upasuaji. Omba usomewe mapema, kwa lugha unayoielewa, na umwulize mtaalamu wa usingizi ni njia zipi zinazokufaa. Ngiri hiyo inaweza kurekebishwa kwa ganzi ya mahali penyewe, kwa ganzi ya uti wa mgongo inayoondoa hisia kuanzia kiunoni kwenda chini, au kwa nusu kaputi. Kwa ganzi ya mahali penyewe utabaki macho, utahisi daktari akivuta na kubonyeza bila maumivu makali, na mara nyingi utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ganzi ya uti wa mgongo huweza kuacha maumivu ya kichwa, au ugumu wa kukojoa kwa muda. Nusu kaputi hukulaza kabisa, nayo hutaka tumbo tupu: kwa kawaida saa 6 bila chakula na saa 2 bila maji.

Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba ambazo wengi wetu huzificha kwa haya, pamoja na mzio na jino linalocheza. Sahihi yako haikufungi, kwani unaweza kubadili nia kabla upasuaji haujaanza. Na ukiona nafasi ya kuandika aina ya ganzi imeachwa tupu, rudisha fomu ijazwe kwanza.