Namna ya Kuchunguza Kesi ya Jack the Ripper Ukiwa Nyumbani

Wengi wanaoanza kufuatilia mauaji ya Whitechapel, London, ya mwaka 1888 huanzia mwishoni: wanataka jina la muuaji, ambaye hakuwahi kujulikana. Mtu anasoma kitabu chenye mshukiwa wake, anaamini. Anasoma cha pili chenye mshukiwa mwingine, anaamini tena. Mimi naenda kinyumenyume. Nachukua swali dogo, kwa mfano "shahidi huyu alisema nini hasa, na nani aliyaandika maneno yake kwanza?", kisha nalifuata mpaka kwenye karatasi ya zamani kuliko zote. Jina la muuaji hutalipata kwa njia hii, ila itakuwa vigumu kukuuzia hadithi.

Hatua ya 1: Panga vitabu vyako

Anza na The Complete History of Jack the Ripper cha Philip Sugden, kilichotoka 1994. Ni kinene na kina subira. Baada yake tafuta The Ultimate Jack the Ripper Sourcebook cha Stewart Evans na Keith Skinner (2000), ambacho kimekusanya nyaraka zenyewe. Hicho si cha kusoma kitandani. Unakifungua pale unapobishana na mtu. Ongeza The Five cha Hallie Rubenhold (2019), kinachosimulia maisha ya wanawake watano waliouawa: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Si lazima ukubaliane na kila hoja yake, lakini ukikimaliza hutawaita tena "maiti namba tatu".

Kitabu kingine chochote, kabla hujatoa pesa, fungua kurasa za mwisho. Ukiona kinarejelea vitabu vingine tu, kirudishe. Ukiona namba kama MEPO 3/140 (faili la polisi wa jiji kuu) au HO 144/221 (faili la Wizara ya Mambo ya Ndani), mwandishi angalau anajua mlango uko wapi. Mafaili hayo yako Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew.

Hatua ya 2: Jua kilichopotea

London ilikuwa na vikosi viwili vya polisi: wa jiji kuu, na wa City, eneo dogo la katikati ya London. Eddowes aliuawa ndani ya eneo la City, na kumbukumbu nyingi za polisi wa City ziliteketea kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Kwa bahati, karatasi za uchunguzi rasmi wa kifo chake zilinusurika. Kwa hiyo mtu akikuambia "faili lilifichwa", muulize kwanza faili la kikosi kipi.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la usiku mmoja

Usijaribu kesi nzima. Chukua usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba, walipouawa Stride na Eddowes. Weka safu nne: saa, tukio, nani kasema, na alijuaje saa. Safu ya nne ndiyo yenye kazi.

Tahadhari kwetu tunaohesabu saa kwa Kiswahili: andika kwa mfumo wa saa 24 tangu mwanzo. Saa saba kasorobo usiku iwe 00:45, basi. Nimeona watu wakihamisha mauaji kwa saa sita nzima kwa kuchanganya.

Jedwali lako litaanza hivi. 00:45, Israel Schwartz anaona mwanamke akisukumwa Berner Street. 01:00, Louis Diemschutz anaingiza mkokoteni wake uani na kumkuta Stride. Saa ameitazama kwenye duka la kona. 01:16, Dk. Blackwell anafika, huyu aliangalia saa yake mwenyewe, na ndiyo maana dakika zake hazikukadiriwa. Karibu saa 01:00 hiyohiyo, Eddowes anaachiwa kutoka kituo cha polisi cha Bishopsgate alikowekwa kwa ulevi. 01:44, askari Watkins anamkuta ameuawa Mitre Square, mahali alipopita 01:30.

Kisha fungua ramani. Ordnance Survey za miaka ya 1890 zipo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Usitegemee ramani ya simu peke yake: Berner Street leo inaitwa Henriques Street, na Buck's Row, alikouawa Nichols, ni Durward Street.

Hatua ya 4: Weka matoleo mawili bega kwa bega

Hapa ndipo utamu ulipo. Schwartz alikuwa mhamiaji asiyejua Kiingereza, kwa hiyo kila tulichonacho kimepita kwa mkalimani. Katika ripoti ya Inspekta Mkuu Swanson ya tarehe 19 Oktoba, mshambuliaji anajaribu kumvuta mwanamke aje barabarani, kisha anamwangusha, naye anapiga kelele mara tatu, si kwa sauti kubwa. Upande wa pili amesimama mtu wa pili anawasha kiko. Mshambuliaji anapaza sauti: "Lipski".

Sasa soma gazeti la The Star la tarehe 1 Oktoba. Mwanamke anasukumwa kuelekea ndani ya ujia. Mtu wa pili anatoka mlangoni mwa baa, anapiga ukelele wa kumwonya mwenzake na kukimbilia mbele akiwa na kisu.

Kiko au kisu? Kuvutwa nje au kusukumwa ndani? Gazeti ni la mapema zaidi, polisi ndio waliomhoji rasmi. Usichague unachokipenda, andika yote mawili. Halafu tafuta karatasi ya tatu, na ipo: Inspekta Abberline aliandika tarehe 1 Novemba kwamba alimbana Schwartz kuhusu lile neno, na shahidi hakuweza kusema lilielekezwa kwa nani. Abberline aliona ni tusi kwa Schwartz mwenyewe, aliyeonekana wazi kuwa Myahudi, maana Lipski alikuwa Myahudi aliyenyongwa mwaka 1887 kwa mauaji ya mtaa wa jirani. Kitabu kinachokuambia kwa uhakika kwamba "Lipski" lilikuwa jina la mtu wa pili kimeiruka karatasi hii.

Hatua ya 5: Mshukiwa, sasa ruksa

Anza na waraka wa Macnaghten, ofisa wa polisi wa jiji kuu, wa Februari 1894, unaotaja washukiwa watatu: Druitt, Kosminski na Ostrog. Macnaghten alijiunga na polisi mwaka 1889, mauaji yakiwa yameshapita. Druitt anasemekana humo kuwa daktari. Alikuwa wakili na mwalimu. Ostrog baadaye iligundulika alikuwa mikononi mwa vyombo vya sheria Ufaransa wakati wanawake wale wanauawa. Waraka wa ofisa mkubwa, na bado unavuja. Kila mshukiwa muulize swali la kuchosha kuliko yote: alikuwa wapi?

Barua zote zilizodai kutoka kwa muuaji ziweke pembeni kwanza. Ile ya "Dear Boss", iliyoleta jina la Jack the Ripper, ilipelekwa shirika la habari, na baadhi ya wakubwa wa polisi waliamini ni kazi ya mwanahabari.

Hatua ya 6: Vitu

Shali linalodaiwa kuwa la Eddowes, na vinasaba vinavyotajwa nalo, lilinganishe na orodha ya polisi ya vitu vyake: makopo mawili ya chai na sukari, vipande 12 vya kitambaa cheupe, glavu moja nyekundu, stakabadhi za rehani ndani ya kopo la haradali. Waliohesabu mpaka vitambaa hawakuandika shali la aina hiyo.

Zoezi

Chukua shahidi George Hutchinson. Alikwenda polisi tarehe 12 Novemba, siku uchunguzi wa kifo cha Kelly ulipofungwa, akaeleza mtu aliyemwona na Kelly usiku wa manane, hadi pini ya tai yenye umbo la kiatu cha farasi. Abberline aliandika siku hiyohiyo kwamba anamwamini. Magazeti yakachapa maelezo yake siku zilizofuata. Safu mbili, polisi kushoto, gazeti kulia, mstari kwa mstari.