Kulainisha vipimo vya usawa wa maji kwenye gati lenye mawimbi

Kihisi cha sauti kinachofungwa kwenye nguzo ya gati pale Mwanza, kikitazama chini ili kupima umbali hadi kwenye maji, hakitatoa namba tulivu, kwa sababu mawimbi hupanda na kushuka, injini za mitumbwi huacha mikunjo, na mara kwa mara ndege au gugu maji hurudisha mwangwi usiotakiwa. Kichujio unachokiweka kwenye programu ndicho kitakachotenganisha usawa halisi wa ziwa na vurugu hizo.

Anza na mawimbi yenyewe. Siku ya upepo, simama gatini na saa uhesabu mawimbi yanayopita nguzo kwa dakika moja. Yakiwa 20, kila wimbi huchukua sekunde 3, na hapo usithubutu kupima kila baada ya sekunde 3, kwa kuwa kihisi kitakuwa kinakutana na wimbi mahali palepale na kukupa namba tulivu ya uongo. Pima kila nusu sekunde.

Hatua ya pili ni kuondoa vipimo vya ajabu, nayo lazima itangulie wastani. Chukua vipimo vitano vya mwisho, kwa mfano sentimita 182, 185, 96, 188 na 184. Vipange kwa ukubwa, kisha uchukue kilicho katikati, yaani 184. Wastani wa vipimo hivyohivyo ni 167, maana ile 96 moja imeuvuta wote, na ikishachanganyika humo huwezi tena kuitoa.

Baada ya hapo ndipo ulainishe. Huna haja ya kuhifadhi orodha ndefu ya vipimo: chukua tofauti kati ya kipimo kipya kilichotoka hatua ya pili na jibu la kichujio la mara iliyopita, izidishe kwa 0.016, kisha uijumlishe kwenye jibu hilo. Kwa kasi ya vipimo viwili kwa sekunde, kichujio hiki huchelewa takriban nusu dakika, sawa na wastani wa vipimo 124, yaani dakika moja hivi. Kwa ziwa linalobadilika polepole, ucheleweshaji huo si kitu. Wanaopunguza ile 0.016 zaidi ili grafu ipendeze tu, kwa maoni yangu, wanapamba badala ya kupima.

Jibu la kwanza lisiwe sifuri, bali kipimo cha kwanza kilichotoka hatua ya kuchukua kilicho katikati, la sivyo utasubiri dakika mbili au tatu namba ikipanda. Tumia pia namba zenye desimali. Ukihesabu kwa milimita kamili, tofauti yoyote iliyo chini ya milimita 63 ikizidishwa kwa 0.016 hukatwa kuwa sifuri, na ziwa litaonekana limesimama hata linapojaa.